Fundi viatu aliyejirudisha sifuri

Saa kumi na moja alfajiri, Eleuterio Cabahug ameshawasha taa ya karakana yake mjini Carcar. Kabla hajagusa ngozi wala gundi, anafungua simu. Swali ni lile lile la kila siku: umeamkaje? Anaandika, "Mikono imetulia," kisha anachukua kisu.

Mikono hiyo ya fundi viatu mwenye miaka arobaini na sita iliwahi kutetemeka hata ikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Siku hizi anamaliza jozi nne kwa siku. Enzi za kunywa ramu, jozi moja ilikuwa bahati.

Alikunywa miaka kumi na tisa. Mkewe, Luzviminda, alichoka akahamia kwa mama yake, akaacha sharti moja: mwaka mzima bila tone, ndipo arudi. Programu ya simu aliyowekewa na muuguzi wa mtaa, ile inayomuuliza ameamkaje, huhesabu siku hizo, na Luzviminda huiona hesabu kwenye simu yake.

Siku ya 212 ikaangukia sikukuu ya mtakatifu wa mtaa. Huku Carcar wanywaji hukaa duara, glasi moja ikazunguka, na mmoja wao humimina. Eleuterio akajiona mjanja, akaomba kumimina ili mikono iwe na kazi na mdomo upumzike. Alisahau kwamba mmiminaji ndiye anayeanza kunywa.

"Shemeji, umetutilia sumu au nini?" akamtania Porfirio, kaka wa Luzviminda. "Mbona huanzi wewe?"

Duara zima likacheka. Akanywa.

Ilikuwa glasi moja tu. "Nani atamwambia dada?" Porfirio akamtuliza. "Simu haina pua."

Kweli, haina. Ndiyo maana kilichofuata kinastaajabisha mpaka leo. Eleuterio alikwenda nyuma ya nyumba, akaifuta hesabu kwa mkono wake mwenyewe. Ikasoma sifuri, na mkewe akaiona.

"Nilijua nimempoteza," anasema Eleuterio. "Lakini nilichoka kumdanganya."

Kesho yake Luzviminda alishuka kwenye basi na begi lake.

"Miaka yote hiyo ananiambia hajanywa, na ananuka," anasema huku akikoroga uji wa mchele. "Sifuri ile ndiyo kweli yake ya kwanza. Ningengoja nini tena?"

Leo ni siku ya 61 tangu sifuri ile. Eleuterio akifikisha tisini, programu itamruhusu kupokea simu za wengine waliozidiwa na kiu ya pombe.

"Sitamhubiria mtu," anasema Eleuterio. "Nitamuuliza kama amekula, halafu nitakaa naye kwenye simu mpaka kiu ipite."