Siku Mpelelezi Kobe Alipokataa Kufa

Walimwita Redio, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi aliyoajiriwa katika kiwanda cha mashati ilikuwa kutengeneza vitundu vya vifungo, lakini mafundi wenzake waligawana fungu lake la mashati ili yeye awasomee hadithi za Mpelelezi Kobe, yule mzee wa vitabuni asiyejua haraka wala kushindwa. Mwandishi wake alifariki zamani. Kobe ndiye aliyebaki anatamba. Sindano ikipotea, mafundi walipiga magoti kukagua vumbi. Mume akichelewa kurudi, mkewe alinusa kola na kumwambia, “Taratibu, baba watoto. Anza mwanzo,” kama Kobe anavyowaambia wezi. Waume walimchukia Kobe vibaya sana.

Redio aliipenda kazi hiyo mpaka basi. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kunyamaza ili yeye aongee. Hapa alikuwa akishusha sauti tu, cherehani zote zinapunguza mwendo.

Kitabu cha mwisho kilipokaribia kuisha, alichungulia mbele wakati wa chai. Kobe anafungiwa ndani ya ghala linaloungua, na mwandishi, aliyekwisha kumchoka, hamtoi. Kobe akifa, Redio anarudi kwenye vitundu na ukimya wake.

Basi akasoma. Moshi ukapenya chini ya mlango wa ghala. Hakuna aliyekanyaga cherehani. Mpiga pasi akasahau pasi juu ya shati, na ile harufu ya kuungua ikawazidishia hofu. Ukurasa ukaisha. Redio akafunua karatasi tupu ya mwisho na kujisikia akisema, “Kobe akaliona dirisha, akaruka.”

Chumba kizima kililipuka kwa vifijo. Nani angeweza kuacha hapo? Akaendelea wiki nzima, furaha imempanda kichwani: akatunga treni, akatunga mjane mwongo. “Kitabu kipya” alichokishika kilikuwa katalogi ya vifungo iliyofunikwa kwa gazeti.

Katikati ya habari za mjane, Shangazi, mkata vitambaa na mkubwa wao wote, akaweka mkasi chini, akaja, akaifunua katalogi.

“Unatunga tangu lini?”

“Tangu dirishani, Shangazi.”

“Tulijua siku ileile. Kobe ana goti bovu tangu kitabu cha kwanza. Ataruka dirisha kwa mguu gani?”

Redio akainamia fungu lake la mashati, tayari kurudi kwenye vitundu. Shangazi akamwahi, akalibeba mpaka mezani kwake mwenyewe.

“Usimrukishe tena, utamuumiza,” alisema, akaketi. “Haya, huyo mjane kadanganya nini?”