Mama na Wale wa Barafuni

Nilianza kufuatilia mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa sababu ya gauni. Mteja mmoja alikuja dukani kwetu Mtaa wa Kongo, tunaposhona magauni ya harusi, akanionyesha video kwenye simu yake: binti anazunguka kwenye barafu, sketi imemfunguka kama mwavuli. "Nataka mgongo kama huu," akasema. "Mawe ya kung'aa yaanzie mabegani, yashuke yakipungua." Nikaitafuta ile video kwenye simu yangu ili nione mshono, nikajikuta naitazama hata baada ya gauni kwisha na harusi kupita.

Mwaka huo figo za mama zilikataa kazi. Nikamtoa Lindi, akaja kuishi nami chumbani kwangu Magomeni, na siku za kusafishwa damu nikawa nampeleka hospitali asubuhi kwa bajaji. Anaegemezwa kwenye kiti kirefu, anachomwa sindano mbili mkononi, damu inatoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, mashine inanguruma mpaka mchana. Siku za mwanzo hakuweza kuacha kuitazama damu yake ikipita. Sikujua la kumfanyia, nikamshikia simu mbele ya macho.

"Tazama hawa, mama."

Akatazama huku amenuna. Akauliza kama hawaoni baridi. Akauliza baba zao wako wapi mpaka wakavaa vile. Kisha yule binti wa video ya gauni akaruka, akazunguka hewani, akatua kwa mguu mmoja, na mama akanikamata kiganja kwa mkono usio na sindano.

"Rudisha. Rudisha pale aliporuka."

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu. Mashindano yakifanyika kule Mashariki ya Mbali, muda wao unaangukia asubuhi yetu, tunatazama yanapotokea. Yakiwa Ulaya au Marekani tunatazama marudio, na nilipigwa marufuku kutaja mshindi. Kiti cha jirani alikaa mzee wa Kichaga, muuza spea za magari hapo Kariakoo. Naye akaanza kunyoosha shingo.

"Mama, yule wako yupo leo?"

"Yupo. Mwombee."

"Mimi namwombea kanisani kwangu, wewe mwombee msikitini kwako. Akianguka hapo tena ni makusudi."

Mama alicheka mpaka sista akaja kuangalia mashine.

Lakini mchezo wenyewe si wa kuchekesha, na kadiri tulivyoutazama ndivyo nilivyozidi kuona kilichomo. Wasichana waliotamba misimu ya karibuni walikuwa watoto hasa. Walifika juu kabisa, wakapewa medali, wakapotea. Ukimtafuta mmoja unasoma habari ya mgongo, mwingine nyonga, mwingine alikuwa hali chakula. Baadaye wakubwa wa mchezo wakapandisha umri wa kushindana na watu wazima, lakini waliokwisha vunjika walikuwa wamevunjika.

Nilimsimulia mama haya asubuhi moja wakati anapimwa uzito. Kila anapofika lazima apande mizani, wajue amebeba maji kiasi gani, na siku akizidi wanamsema.

"Na wao wanapimwa?" akauliza akiwa juu ya mizani.

"Wanapimwa, mama. Wengine kila siku."

"Na wanakatazwa maji?"

"Nimesoma kuna waliokuwa wanasukutua tu na kutema."

Alishuka, akatafuta kandambili zake. Yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa maji, ndizi na madafu, na usiku nilimsikia akimung'unya kipande cha barafu alichoruhusiwa, akikizungusha mdomoni kisiishe haraka.

Kisha ikaja habari ya ndege. Niliiona tukiwa kwenye bajaji, foleni imesimama. Huko Marekani ndege ya abiria iligongana na helikopta, vyote vikaangukia mtoni, na ndani ya ndege walikuwemo watoto wa mchezo huu wakirudi kutoka mazoezini, pamoja na wazazi na makocha wao. Nilifikiria kumficha mama. Akaniona uso.

"Kuna nini?"

Nikamwambia.

"Innalillahi. Wote?"

"Wote, mama."

"Na mama zao walikuwa nao ndani?"

"Baadhi."

Akafunga macho. "Afadhali hao," akasema. Nilielewa anasema juu yetu sisi wawili, nani atatangulia na nani atabaki. Siku ile hakutaka simu. Mzee wa spea alimuuliza kulikoni, akamwelezea, naye akavua kofia akaiweka mapajani, na wote wawili wakakaa hivyo mpaka mashine zilipozimwa.

Hazikupita wiki nyingi, kiti cha mzee kikawa na mtu mwingine. Mama alimuuliza sista. Sista alikuwa anafunga mpira mkononi mwa mama, akasema bila kuinua uso, "Hatuko naye tena, mama." Hatukuwahi kujua alifia wapi wala alizikwa wapi. Labda walimpeleka kwao Kilimanjaro.

Mwezi wa Ramadhani mama alikataa kukubali kwamba hawezi kufunga. Daktari alimkanya, shehe wa mtaani akamwambia ana ruhusa, lakini alilia kila nilipomletea uji mchana. Mashindano ya dunia yakaja mwishoni mwa mwezi huo. Binti wetu alianguka mara ya kwanza, akainuka. Akaanguka tena, na safari hii akakaa barafuni kidogo, kiganja kimeshika nyonga, muziki unaendelea bila yeye.

"Mwambie atoke," mama akasema. "Mbona hawamwambii atoke?"

Hakutoka. Alimaliza, akainama kuwaaga watu, akaenda kukaa benchi la kusubiria alama, akitabasamu kwa sababu kamera ilikuwa usoni mwake.

Mama alifariki baada ya Idi, mchana, nyumbani, nikiwa nimetoka uani kuanua nguo. Niliporudi nilidhani amelala. Tulimzika siku iliyofuata. Watu wa Lindi walifika kwa basi, wengine baada ya maziko, na kaka yangu hakunisemesha kwa kuwa sikuwasubiri. Sijui kama amenisamehe. Tunasalimiana.

Nilirudi dukani. Msimu mpya ulipoanza sikufungua video hata moja, ingawa simu iliendelea kuniletea taarifa. Mchana mmoja umeme umekatika, cherehani zimenyamaza, nikaisoma mojawapo: yule binti ameacha mchezo. Nyonga imeshindikana. Ametimiza miaka ishirini na moja.

Nilitafuta wa kumwambia. Nikamwambia fundi mwenzangu, ambaye hajui lolote la barafu.

"Yule niliyekuwa namfuatilia ameacha," nikasema.

"Pole, dada," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mwenzake mkono wa rambirambi. Kisha akauliza nani anakwenda kununua chakula. Nikasema nitakwenda mimi, nikachukua mtandio wangu, nikashuka ngazi, nikaingia katikati ya makelele ya vipaza sauti vya wauza viatu.