Mzuka Aliyependa Wali wa Chai

Jirani yangu Shizue Nagatomi hajawahi kumwambia mtu "ondoka" tangu azaliwe. Hapa Kyoto hatusemi hivyo. Mgeni akikaa mno, unamuuliza kama atapenda wali uliomwagiwa chai, naye anaelewa, anashukuru na kwenda kuvaa viatu vyake. Anayeukubali hana adabu, basi.

Mwezi wa nne, saa sita mchana, mwanamke mwenye nywele ndefu zinazochuruzika maji alitoka kwenye kabati lao la magodoro, akaketi mezani. Goichi, mume wa Shizue, mtu wa Osaka mwenye miaka sitini, alipanda juu ya friji.

"Jumapili huyo mzuka akiwa bado hapa, narudi kwetu!" alifoka kutoka huko juu. "Uje usije, shauri yako!"

Shizue alikuja kwangu analia. Ndimo alimozaliwa, nyumba ile, na mume huyo, kwa kelele zake zote, anampenda.

"Si umwambie aondoke?"

"Mgeni? Kwa mdomo huu?"

Akaenda kumwandalia wali wa chai. Mzuka akala, akaomba na figili za chumvi. Kumbe ni wa Aomori, kaskazini huko, mambo yetu hayajui. Kesho yake alikula mabakuli mawili. Ijumaa akamsifu: "Mama, sijawahi kukaribishwa hivi popote." Nilikasirika hadi nikacheka.

Jumapili nilikwenda kumuaga Goichi. Alikuwa mlangoni na sanduku. Mzuka alikuwa amenyoosha bakuli, anataka nyongeza. Shizue alisimama, akapaza sauti.

"Ondoka! Ondoka nyumbani kwangu!"

Mzuka akaosha bakuli, akainama. "Samahani, mama. Ungesema tu." Akaingia kabatini, na sakafu ikakauka.

Shizue aliketi chini akalia kwa aibu. Goichi hakufurahi wala hakuondoka. Alikuwa anawaza.

"Siku nilipokuja kukuposa," alisema polepole, "mama yako alinipa wali wa chai. Nilikula mabakuli matatu."

"Alitaka uondoke."

"Miaka thelathini na moja, hukuniambia!"

"La pili na la tatu nilikupa mimi," Shizue alisema, akimtazama usoni. "Nilitaka ubaki. Hata leo nataka."

Goichi akaweka sanduku chini, akauliza kama wali umebaki.