Salamu za Bihambwe Zinasubiri Kwenye Jiwe

Saa kumi na mbili asubuhi, Papa Polycarpe anashuka mlima wa Bihambwe, bido la maziwa mgongoni, fimbo mkononi. Mama Umugwaneza, jirani yake, anamwona akija na kuziba mdomo kwa kiganja. Watu wengine wanne wanapanda na majembe. Hakuna anayetoa neno.

Polycarpe anafika kwenye jiwe pana kando ya njia, anatua bido, anapumua.

"Haya, sasa mufungule midomo!"

Salamu zinamwagika zote kwa pamoja: ameamkaje, mama je, ng'ombe je.

Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha zizini. Mguu wa kulia ulirudi polepole, akaanza tena kumpelekea maziwa Papa Damascène, mtengeneza jibini wa bondeni. Lakini kila aliposalimiwa njiani, mguu ulikwama. Alianguka mara mbili, maziwa yakanywewa na udongo. Akaamua kupita kimya.

Kimya hicho nacho kikamponza.

"Nilisema, ule papa amekuwa mukubwa, hatujue tena sisi," anakiri Umugwaneza akicheka. "Nikamunyima hata moto ya kuwasha."

Damascène naye, kwa maziwa yaliyomwagika, akaanza kutafuta mbebaji mwingine.

Aliyegundua chanzo cha tatizo ni muuguzi wa mazoezi ya viungo. Alimtembeza uani huku akimwuliza majina ya ng'ombe wake. Kwenye jina la tatu, Polycarpe akasimama kama mti.

"Zamani miguu ilikuwa inajiendea," muuguzi alimweleza. "Sasa ubongo inahangaika na kila hatua. Ukiiongezea swali, kimoja kinaanguka."

Jumapili, misa ilipokwisha, mkewe Josiane alisimama mbele ya watu. "Bwana yangu hana kiburi. Akiwa anatembea, mumuache. Mumungojee ku jiwe."

Tangu siku hiyo hajamwaga tone. Damascène amemwacha aendelee na kazi, lita kumi kila asubuhi badala ya ishirini za zamani.

"Fimbo nilijikatia mwenyewe," anasema Polycarpe. "Lakini muntu kuzuia salamu yake juu ya kukusaidia, hiyo utairudisha na nini?"

Kila jioni anazunguka uani, Josiane akimwuliza majina ya ng'ombe. Alianza na mawili. Wiki hii amefikisha matano bila kusimama.

"Noeli nataka nimupite Mama Umugwaneza nikimujibu, nikiwa natembea. Mara moja tu. Shida ni salamu yake, iko ndefu sana!"

Umugwaneza, bado kando ya jiwe, anamtengenezea kamba ya bido begani.

"Nitaifupisha, Papa."