Fundi Vigae Anayekula Kabla ya Kupiga Magoti

Saa nne asubuhi. Ndani ya bafu ambalo bado halina mlango, fundi vigae anayejulikana kwa jina la Pimamaji analaza mwiko juu ya ndoo, ananawa mikono na kufungua bakuli la viazi. Wenzake wanaacha kazi kumtazama.

"Mzee, ukishiba hivyo utainamaje?" mmoja anamtania.

"Nitainama tu. Ninyi inameni na njaa, tutakutana hospitali," anajibu huku akitafuna taratibu.

Utani huo una chanzo. Mafundi vigae wana kanuni yao: tumbo likijaa, mgongo haukunjiki. Ukipiga magoti umeshiba, chakula kinapanda kooni. Kwa hiyo Pimamaji, mwenye miaka hamsini na miwili, alifanya kazi miaka ishirini na sita bila kula hadi jioni. Alijikimu kwa chai ya rangi, sigara na vidonge viwili vya maumivu kwa ajili ya magoti.

"Vidonge vilikuwa sehemu ya vifaa," anasema. "Mwiko, nyundo ya mpira, vidonge. Magoti yakikaza mchana, naongeza viwili. Nilijua ni dawa, sasa dawa itanidhuru vipi?"

Mwaka jana chembe cha moyo kilianza kumuwaka. Akila kidogo maumivu yalitulia, baada ya saa mbili yakarudi. Tumbo lilijaa gesi, hamu ya chakula ikaisha, suruali zikaanza kumpwaya. Mwenyewe alisingizia kuinama. Hata choo kilipogeuka cheusi kama lami, hakumwambia mtu.

"Ningeanzaje? Mtu mzima nimweleze mke wangu habari za choo?" anauliza, akicheka kwa aibu.

Siku moja alianguka akiwa anakata kigae, akatapika damu iliyofanana na machicha ya kahawa. Hospitali walimpitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, wakakuta vidonda viwili: kimoja tumboni, kingine mwanzoni mwa utumbo mdogo.

Daktari aliyemtibu, mwanamke asiye na subira na visingizio, anasema watu wengi hulaumu pilipili na mawazo.

"Hivyo huchochea maumivu tu. Wakosaji wakubwa ni wawili: bakteria wanaoishi tumboni, na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela. Yeye alikuwa na wote wawili, na sigara juu yake. Choo cheusi ni damu. Angekuja siku ile ile, tusingemwongeza chupa tatu za damu."

Bakteria walitibiwa kwa wiki mbili. Sigara ameacha. Vidonge vya magoti vimepigwa marufuku, na hapo ndipo penye mtihani, kwani magoti hayajapona, na fundi vigae asiyepiga magoti hana kazi. Zamani alimaliza vyumba vitatu kwa wiki. Sasa, na pedi nene magotini, akijitahidi sana ni kimoja na nusu. Inatia huruma kumwona akisimama: lazima kwanza ashike ukuta.

Mkewe, ambaye ni mshonaji, hakutaka kubahatisha. Jikoni kwao palikuwa saruji tupu tangu wahamie. Mganga hajigangi, nyumba za watu ziling'aa, yao ikaambiwa isubiri. Wakakubaliana: kila wiki itakayopita bila kidonge, mume atapanga mstari mmoja wa vigae jikoni, hadi itimie kumi na minne.

"Nilimwambia, Baba watoto, ukimeza hata kimoja, nang'oa mstari mzima kwa nyundo yako mwenyewe."

Wiki ya saba magoti yalivimba, akameza. Jioni alikiri mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mkewe alichukua nyundo na patasi, akang'oa mstari wa sita huku analia. Mume alisimama mlangoni, hakumzuia.

Leo mistari tisa imekamilika. Mwezi ujao atapimwa kuona kama bakteria wamekwisha, na anatarajia kumaliza jiko kabla mwaka haujaisha. Mstari wa sita aliupanga upya, lakini alikataa kununua vigae vingine. Alirudisha vile vile, pembe zimemeguka, kimoja kina ufa katikati.

"Fundi yeyote akiingia atasema kazi mbovu," anasema. "Aseme. Mimi meza ya chakula nimeiweka hapo hapo."