Nafasi Kati ya Jina Langu na la Yohana

Nakumbuka Jumapili moja pale Mpanda, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokaa kanisani nikisubiri tangazo la kwanza la ndoa yangu. Mwanangu, nilijipaka mafuta hadi miguu ikang'aa. Katekista akasoma: "Petro wa Sitalike na Anastazia wa Kasekese." Mchumba wangu alikuwa Yohana. Huyo Petro hata sura sikuijua.

Wakwe zangu wakainuka, wakatoka. Nyumbani ugali wa wageni ulishaiva, nao hawakuugusa. Baba yake Yohana alimwambia baba yangu kwa upole uliotutisha, "Kama binti ana mwingine, nyie mngetuambia tu." Nililia kwa aibu na kwa hasira.

Aliyechapa matangazo ni rafiki yangu Skola, karani mpya wa parokia. Kompyuta nayo ilikuwa ngeni kwetu. Skola aliapa kwamba kwenye kioo cha kompyuta wachumba walikaa sawa, wanawake kushoto, wanaume kulia. Mchana huohuo Sista Melania, mwalimu wetu wa kupiga taipu, akatuita ofisini pamoja na baba mkwe. Akamwuliza Skola aliwatenganishaje. Kwa nafasi, akajibu. Alibonyeza kile kitufe kirefu mpaka jicho likaridhika. Kisha katekista, mwenye macho mabovu, akaomba herufi kubwa. Skola akazikuza, akachapisha bila kutazama tena. Mstari wa kwanza ukajaa, na Petro, mchumba wa binti wa mstari ule, akaanguka chini hadi juu ya jina langu, katekista akatusoma pamoja.

"Nafasi gani?" Sista akauliza. "Hii ni ya kutenganisha maneno. Ya kupanga safu ni tabo: unaweka kituo, na jina linakwenda kusimama pale. Ukiziita zote nafasi tu, utazitumia ovyo."

Akapanga upya kwa tabo, akazikuza herufi mbele ya baba mkwe. Yohana akabaki mkabala na mimi. Mzee akainuka, akasema, "Binti yangu, twende tukale."

Mwanangu, unayechapa kazi za watu, jicho lina haraka na haraka haina baraka. Jua kila nafasi inaitwaje na kazi yake ni nini, na usipojua uliza, maana kuuliza si ujinga. Ukibadilisha kitu, soma tena toka juu. Kila jina unaloandika lina ndugu waliokaa wanasubiri kulisikia. Mungu akupe mkono mtulivu, akuweke karibu na wanaokupenda.