Asilimia Mia na Kumi na Mbili

Juzi nilipita Mkonze, kwenye shule niliyosoma, nikakuta maabara yetu ya zamani imevunjwa. Mpya imesimama palepale, ina vigae na madirisha ya aluminiamu yanayofunga kabisa. Wenzangu wa darasa wanalia kwenye kundi la simu eti utoto wetu umebomolewa. Mimi nilifurahi, rafiki yangu, na sioni haya kusema.

Unaujua upepo wetu wa mwezi wa saba. Bibi alikuwa akifunika mlenda kwa kawa mbili na bado tulitafuna mchanga. "Mezeni tu," alikuwa akisema, "shamba linawarudia."

Katika vumbi hilo mwalimu wa kemia alitutengenezesha mrututu, ile dawa ya buluu ambayo wakulima wa zabibu hupulizia mizabibu yao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kufundisha alijua. Unga mweusi uliyeyuka kwenye asidi ya moto, maji yakageuka buluu, nami nikaapa moyoni kwamba sitasoma kitu kingine maishani. Kilichobaki kilikuwa kukausha fuwele, zile chembe za buluu zinazoganda maji yakipoa, kuzipima, na kulinganisha uzito wake na ule tuliotarajia kwa hesabu. Tukaziacha dirishani zikauke. Dirisha langu halikuwa na kioo.

Kesho yake tukapima. Jirani yangu wa benchi alipata kidogo sana, kwa kuwa maji yake yalimwagika wakati wa kuchuja, na mimi ndiye niliyemsaidia kufuta. Zangu zikatoka asilimia mia na kumi na mbili ya uzito uliotarajiwa.

"Umezalisha kuliko kiwanda!" mwalimu akasema, darasa zima likacheka. "Huyu kapungukiwa, wewe umezidi. Hesabu si imekamilika?"

"Ni vumbi, mwalimu. Naomba niziyeyushe, nichuje tena. Vumbi litabaki kwenye karatasi."

"Ili ufute ushahidi?"

Akazimwaga zote kwenye sinki, akafungulia maji. Jirani yangu aliangalia viatu vyake. Neno moja tu, kwamba maji yake yalimwagika, lingetosha, hakulitoa. Sijamsamehe, na usiniambie habari za utoto. Mdomo alikuwa nao, wa kuombea kalamu zangu kila siku.

Muhula uliofuata mwalimu alikataa nisome sayansi. Mwizi, alisema, hakabidhiwi kemikali. Nyumbani walimwamini, maana mwalimu hakosei, nami nikahamishiwa kwenye historia nikiitwa mwizi mpaka namaliza shule.

Sasa mwalimu kastaafu, yuko kwao Chemba, wananiambia anafuga mbuzi na ana heshima zake. Benchi zetu zimekuwa kuni za jikoni. Ile harufu ya asidi na chaki, iliyonifanya niwahi shule kabla ya kengele, haipo tena, na wa kuniuliza upande wangu hayupo.

Binti yangu anasoma kemia. Akija na daftari lake jioni kuniomba nimwelekeze, namwambia kwamba mimi, mama yake, sijawahi kuisoma.